Alebardi ya Cyprien

Jumapili, 15 Septemba

Sifa amekufa leo saa kumi ya jioni, na Mwalimu André ndiye aliyemuua.

Nimeandika hivyo kwa hasira. Ngoja nieleze, maana daftari hili ni jipya, halijui kitu. Sifa ni mtu wangu wa mchezo. Kila jumapili kisha misa tunakutana kwa Mwalimu André kule Kalundu, tunacheza mchezo wa mezani ulioachwa na kooperanti mmoja, mwalimu Mzungu wa hesabu, alipotoka nchini miaka kumi na moja iliyopita. Kila mchezaji ana mtu wake kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, majeraha yake. Mwalimu anasimulia tulipo, kama ni pango au ngome, sisi tunasema tunafanya nini, halafu bahati inaamua. Dadu ya pande ishirini ilipotea zamani, kwa hiyo tunachota vifuniko vya bia vyenye namba kutoka kwenye soksi. Wachezaji ni minye, mimi Pélagie, mshonaji na mjane. Mdogo wangu Cyprien, mhunzi. Na Libérat, mkulima wa mpunga aliyekimbia Sange. Vita hii ya pili iko mwaka wa tano sasa. Bila hizi jumapili ningekuwa nimeshaanza kuongea na masini yangu ya kushonea.

Sasa, kitabu cha sheria za mchezo kina jedwali la silaha kumi na tisa za mpini mrefu. Kumi na tisa! Alebardi, gizarme, vuji, foshari, pertuizani. Wazungu wa zamani walikuwa na majina ya mti wenye chuma mengi kuliko watu wa Mulenge walivyo na majina ya rangi za ng'ombe. Ukurasa wenye picha uliliwa na mchwa, limebaki jedwali tu: uzito, urefu, nafasi. Sifa wangu alikuwa na alebardi, yaani ubapa wa shoka, ncha ya mkuki na ndoano kwa nyuma, vyote juu ya mpini wa metre mbili na nusu. Miaka mitatu amekuwa nayo.

Leo ameingia kwenye ujia wa ngome. Adui mbele, nikampiga. Adui wa pili akatokea nyuma.

"Ninageuka," nikasema.

"Hugeuki," akasema Mwalimu, bila hata kuinua macho. "Alebardi inataka nafasi ya metre mbili. Ujia una metre moja na nusu."

"Weye ulishaona alebardi na macho yako?"

"Sijaona. Kitabu kinasema."

"Kitabu kililiwa na mchwa!"

"Jedwali halikuliwa, mama."

Akachota kifuniko mwenyewe, akasoma, akafuta jina la Sifa taratibu na gomu, kama anafuta kosa la mwanafunzi. Miaka mitatu! Na huyo mtu hatoki Kalundu. Sisi ndio tunavuka barieri tatu za askari kila jumapili kumfuata, utadhani ni askofu.

Jumatatu, 16 Septemba

Joto. Mvua hakuna. Sijamsamehe.

Jumatano, 18 Septemba

Nimekwenda karakana ya Cyprien, hapo hapo uani kwetu Mulongwe, akiwa anapiga jembe kutoka kwenye resori ya kamyo, ile springi ya lori. Nikamwambia hakuna atakayejua ukweli mpaka tuione hiyo alebardi kwa macho. "Wee ni fundi ao si fundi?"

Akacheka. "Yaya, dada yangu mkubwa, unataka nifue silaha ya Wazungu kwa sababu ya muntu wa karatasi?"

"Nataka ufue ukweli."

Mke wake Jolie alikuwa anatwanga muhogo. Akasema mchezo wetu ni wa shetani na sasa tunataka kumpa shetani na mkuki. Nilimwambia wifi, twanga. Cyprien alikuwa ameshachukua mkaa, anachora chini. Ninavyomjua mdogo wangu, usiku hatalala.

Jumamosi, 21 Septemba

Mama weh. Ni nzuri.

Sikujua kitu cha namna hii kinaweza kuwa kizuri. Ubapa umekaa kama nusu mwezi, ncha imenyooka, ndoano inavuta mpaka tawi la mwembe wa jirani. Mpini ni mkalatusi, ameuchoma kidogo usipasuke. Na kwenye shingo ya chuma amegonga alama yake, msalaba mdogo ndani ya duara, ile ile anayogonga kwenye majembe yote yanayouzwa kutoka hapa hadi Sange.

"Alama ya nini?" nikauliza.

"Kazi yangu haitoki uchi."

Tumeizungusha uani kwa zamu kama wajinga. Nimeangusha kamba mbili za nguo. Jolie ameingia ndani na kufunga mlango.

Jumapili, 22 Septemba

Hatuwezi kuipitisha barieri, hilo hata mtoto anajua. Tulimwomba Mwalimu aje Mulongwe aione. Akakataa. "Nitumieni vipimo," akasema. Vipimo! Nikamwambia mtu anayeogopa kutembea asiwafundishe wengine vita. Mke wake Mama Geneviève aliondoa vikombe vya chai kabla hatujamaliza kunywa.

Libérat anasema kwao kitu chenye ndoano namna ile kwenye mti mrefu ni cha kuangushia avokado, na ubapa namna ile ni wa kukatia mikungu ya mawese. Kwamba Wazungu walichukua vyombo vya shamba wakavipeleka vitani. Mwalimu amefurahi sana, amesema ndiyo historia yenyewe. Sikutaka kufurahi naye.

Jumapili, 29 Septemba

Mvua ya kwanza. Tumecheza. Nina mtu mpya, mwizi mwenye kisu kifupi. Simpendi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Maneno mengi mjini. Wanasema vijana wa milimani, wale wanaopigana na askari wa mji, wako karibu. Wateja wawili wamekuja kuchukua nguo ambazo hazijaisha.

Jumapili, 13 Oktoba

Risasi kutoka saa kumi na moja ya asubuhi. Tumelala chini sementini mpaka mchana. Askari wamekimbia, vijana wa milimani wameingia wakiimba, wengine na bunduki, wengine na mikuki na panga. Hakuna misa, hakuna mchezo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Tuko wazima.

Jumatano, 16 Oktoba

Tuko wazima. Unga umebaki kidogo. Libérat amevuka kwenda Gatumba upande wa Burundi, alipita kutuaga. Aliniambia, "Mama, mkiua jitu lolote kwenye mchezo, mniwekee fungu langu."

Jumamosi, 19 Oktoba

Askari wamerudi, vijana wameondoka kupanda milimani. Sasa wanapekua nyumba kwa nyumba wanatafuta silaha. Nilipata akili mchana, nikamwambia Cyprien, ile kitu iko wapi? Akasema juu ya dari. Tukapanda: hakuna.

Jolie ndiye aliyekuwa ameitoa. Alfajiri aliifunga ndani ya mkeka, akaibeba kichwani kama kuni, akaitupa juu kwenye korongo la mto Mulongwe. Alisema hayo akiwa anachambua maharagwe. Barieri mbili zinaonekana kutoka pale, na yeye amepita mbele ya macho yao na mkeka wake.

"Na mngeniuliza, ningewaambia muitupe tangu siku ile," akasema.

Askari walifika saa tisa, wakachukua kuku mmoja wakaondoka. Miaka minne nimemwita Jolie mwoga, moyoni na hata mdomoni. Leo nimemtwangia muhogo wake wote.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua toka juzi. Sijatoka.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Ukuta wa jiko umeanguka.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua ya Watakatifu Wote. Mto umeshuka na mawe, miti, mlango wa mtu, mbuzi aliyekufa. Daraja limeziba. Askari wanawakamata wapita njia kwenda kuzibua.

Jumatatu, 4 Novemba

Wamemchukua Cyprien.

Saa mbili asubuhi askari sita wameingia uani, na mmoja wao amebeba ile alebardi. Matope juu yake, mpini umevunjika ncha kidogo, lakini ni yenyewe. Mto uliishusha na miti mpaka chini ya daraja, pale pale penye barieri yao. Waliifuta matope wakaona alama, na wakaenda nayo soko, wakaitisha jembe, wakageuza jembe wakaona alama ile ile. Muuza jembe angefanya nini? Akawaonyesha njia.

"Nani mwenye alama hii?"

Cyprien alikuwa na nyundo mkononi. Aliitazama alebardi, na Mungu anisamehe, nikaona kwanza furaha usoni kwake kwamba chuma hakikupinda. Kisha akasema, "Ni yangu."

Walimpiga pale pale, mbele ya Jolie. Walimfunga mikono nyuma na kamba ya nailoni. Nikapiga kelele kwamba ni mchezo, ni mchezo tu, na mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, huu ni mchezo?" akaiegemeza ile ncha kwenye ukuta wa nyumba ikazama.

Wanasema anawafulia silaha watu wa milimani. Wanasema ijumaa kamyo itawachukua wafungwa wote. Kamyo ile kila mtu Uvira anaijua. Hakuna aliyepanda ile kamyo akarudi kusema walimpeleka wapi.

Mdomo huponza kichwa. Mdomo wangu umeponza kichwa cha mdogo wangu. Minye ndiye niliyesema afue. Yeye alitaka kupiga majembe.

Jumanne, 5 Novemba

Kambini, upande wa Kavimvira. Nimesimama getini toka asubuhi hadi saa nane na bakuli la ugali. Wamechukua bakuli, wamekula wao. Nimesikia mtu anakohoa ndani, Jolie anasema ni yeye, mimi nasema siyo, tukagombana pale getini kisha tukashikana mikono.

Padri amekwenda kuongea nao. Wamemwambia baba, shughulika na roho.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefikiri: kitabu. Wakiona kitabu, wakiona jedwali, wataelewa. Nimekwenda Kalundu chini ya mvua kukichukua.

Mwalimu alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Sikumwomba zaidi ya kitabu. Aliingia ndani, akatoka na kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, na koti lake la shule, na viatu.

"Leo giza linakaribia. Kesho asubuhi nitakwenda mwenyewe," akasema. "Weye hutaweza kuwaelezea nafasi."

Mama Geneviève alimshika shati kwa mikono miwili. "André. André, hapana." Akanigeukia mimi. "Unajua unachomwomba? Tangu barieri imchukue mtoto wetu Onesphore, mwaka wa kwanza wa vita, mzee huyu hajavuka hata moja. Hata soko haendi!"

Miaka yote wametuambia Onesphore yuko Kinshasa anasoma. Tuliuliza habari zake kila sikukuu, na Mwalimu alikuwa anajibu: anaendelea vizuri, anawasalimia. Na minye nilimwambia nini mwezi wa tisa, mbele ya mke wake? Mtu anayeogopa kutembea. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

"Mwalimu," nikasema, "nipe kitabu tu. Nitajua la kusema."

"Hujui. Hujawahi kusoma maelezo ya chini ya ukurasa hata siku moja."

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekaa na taa, mkono unauma, lakini nitaandika yote.

Nilimfuata alfajiri, tukatoka Kalundu saa moja asubuhi. Mwalimu alivaa tai. Barieri ya kwanza, nilimshika mkono. Alikuwa anasema kitu chini chini, nikadhani anasali. Kumbe anasoma jedwali kwa kichwa: alebardi, uzito kilo tatu, foshari, kilo mbili na nusu, gizarme, kilo tatu. Askari akauliza tunakwenda wapi. Mwalimu akajibu, "Kazini," na tukapita. Barieri ya pili alisimama katikati ya barabara, miguu ikakataa. Nikamwambia, "Mwalimu, vuji je?" Akasema, "Kilo tatu na robo," akapiga hatua. Ya tatu tulipita tumeshafika pertuizani.

Getini akasema maneno ambayo sikuyatazamia. "Mwambieni komanda mwenye ile silaha amekuja."

"Mwalimu!" nikasema.

"Nyamaza, mama. Tukisema tumekuja kuomba, tutasimama hapa hadi kesho."

Walituingiza upesi sana.

Komanda ni mtu mrefu, si wa huku, shavu limevimba kwa jino bovu na amelifunga kitambaa. Alebardi iko juu ya meza yake, imevuka meza pande zote mbili. Cyprien wakamleta. Jicho moja limefunga. Aliponiona akataka kutabasamu, mdomo ukakataa. Sikulia. Nilijikaza kwa sababu Jolie aliniagiza nisilie.

Mwalimu akafungua kitabu, akaanza: mchezo, kooperanti, majeshi ya milima ya Uswisi miaka mia sita iliyopita. Komanda akainua mkono.

"Hadithi nzuri. Watengeni."

Tukapelekwa kila mmoja pembe yake: Mwalimu nje chini ya kibaraza, Cyprien nyuma, mimi nikabaki ofisini. Komanda mwenyewe akatupitia mmoja mmoja na swali moja. Kwangu aliuliza hivi: silaha hii inafaa kwa kuvamia ndani ya nyumba, ndiyo ao hapana?

Nilikuwa na muda wa kufikiri. Ningejiuliza: Mwalimu atajibu nini? Nami nijibu vile vile, tuokoke. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Lakini kinywa changu, ee Mungu, kinywa hiki! Nikasikia sauti yangu inasema, "Inafaa sana. Unasukuma mbele na ncha. Wanaosema haifai hawajui kitu."

Akaenda, akarudi, wametukusanya tena. Macho yake yamebadilika.

"Mwalimu anasema haifai ndani hata kidogo. Dada anasema inafaa sana. Fundi anasema inafaa ukikata mpini. Watu watatu, majibu matatu. Nani anadanganya?"

Nikaona kamyo. Kweli, niliiona mbele ya macho yangu, na Cyprien amepanda. Mwalimu alinigeukia.

"Umesema inafaa?"

"Nimesema ukweli."

"Mama Pélagie! Hata hapa?"

"Hata hapa! Unasukuma mbele! Nani anageuka geuka vitani kama mcheza ngoma?"

"Adui alikuwa nyuma yako! Nafasi metre mbili! Imeandikwa!"

"Imeandikwa na nani? Mchwa?"

"Yaya," akasema Cyprien na mdomo wake uliovimba, "tatizo si nafasi, tatizo ni mpini. Niliwaambia tangu mwanzo. Ukipunguza sentimita hamsini..."

"Ukipunguza si alebardi tena!" Mwalimu akapiga meza ya komanda. "Ni kitu kingine! Kina mstari wake kwenye jedwali!"

"Ulimuua Sifa!" nikamlilia, na hapo machozi yakatoka, ya siku nne zote. "Ulimuua Sifa kwa sababu ya jedwali!"

Bunduki mbili zikainuka. Komanda akasimama. "Nani ni Sifa? Mmeua nani?"

Nikasikia mvua kwenye mabati.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta na tai. Akatoa kutoka ndani ya kitabu karatasi moja iliyokunjwa, akaiweka mbele ya komanda. Ilikuwa karatasi ya Sifa. Nguvu kumi na sita. Alebardi moja. Jina limefutwa na gomu, lakini bado linasomeka. Aliihifadhi.

"Huyu," akasema. "Alikufa tarehe kumi na tano ya mwezi wa tisa, ndani ya ujia wa metre moja na nusu. Dada huyu hajanisamehe. Ndugu yake alifua chuma hiki ili kuonyesha kwamba minye ni mwongo. Komanda, ile ndiyo silaha yote. Hakuna nyingine, na hakuna mtu wa mlimani aliyeijua."

Komanda alisoma karatasi mbele na nyuma. Alishika shavu lake. Kisha akamwambia askari mmoja, kijana mwenye mabega, "Chukua."

Ofisi ile ina ujia mrefu kuelekea vyumba vya nyuma. Mwalimu akapima na hatua: metre moja na nusu, karibu sawa kabisa, na hata hapo nilimkasirikia. Askari akaingia na alebardi, ncha mbele. Akaenda vizuri, tena kwa kasi. Nilifungua mdomo.

"Geuka," akasema komanda.

Askari akageuka. Ubapa ukagonga ukuta kushoto, mpini ukakwama kulia. Akajaribu kuinua juu, ndoano ikashika waya wa taa. Akajaribu chini, akajipiga goti. Wenzake wakaanza kucheka. Mmoja akamwendea kwa nyuma, taratibu, akamgusa kisogo na kidole: umekufa. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Komanda hakucheka, jino lilikuwa haliruhusu. Alisema, "Mbele inapita. Kugeuka haigeuki."

"Ndivyo nilivyosema," akasema Mwalimu.

"Mbele inapita, ndivyo nilivyosema minye," nikasema. Jamani! Hata pale!

Komanda akatutazama wote watatu kama mtu anayetazama jirani zake wanaopiga kelele. "Watu wa milimani wangekuja hapa wameshapatana jibu," akasema. "Nyinyi hamjapatana hata mbele ya bunduki. Fungueni huyo fundi."

Nikasikia maneno lakini sikuyaelewa mpaka nilipoona kisu kinakata kamba.

"Chuma kinabaki," akasema komanda. "Na weye, fundi: majembe. Nikiona alama yako juu ya kitu kingine, hakuna mwalimu atakayekuokoa."

Tulitoka. Mvua ilikuwa kubwa, barabara imejaa maji, na tulikwenda polepole kwa sababu Cyprien hawezi kukanyaga mguu wa kulia. Kila mmoja alishika upande wake mmoja. Nilimwambia Mwalimu, "Nilikuwa nimekufa. Siku ile, kwenye ngome. Ulikuwa na haki."

"Haki ilikuwa yangu," akasema. "Nilipenda sana kuwa nayo. Nisamehe."

Nikalia barabarani, mbele ya watu wote, kwa sauti, na sikuona haya. Jolie alikuwa amesimama kwenye daraja. Alipotuona alikimbia kwenye matope bila viatu.

Ijumaa, 8 Novemba

Kamyo imepita saa tano. Tumeisikia sote. Nimewaombea waliomo.

Jumamosi, 9 Novemba

Cyprien amelala mchana kutwa. Vidole vya mkono wa kushoto havisikii kitu bado. Daktari wa dispansari anasema vitarudi, tumpe siku. Nimempikia samaki, amekula. Amesema asante.

Jumapili, 10 Novemba

Nimempikia ndizi. Amekula. Amesema asante, yaya.

Jumatatu, 11 Novemba

Anakula kila kitu ninachomwekea, anasema asante, anatazama ukuta. Jolie ameniuliza kama namwona anavyokula. Nimemwambia namwona. Mdogo wangu tangu azaliwe hajawahi kula sahani bila kulalamika. Mama yetu alikuwa anasema huyu atakuja kugombana hata na ekaristi. Sasa anakula kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Naogopa kwamba tumeletewa mwili tu, na yeye mwenyewe amebaki kule Kavimvira.

Jumanne, 12 Novemba

Mwalimu André amekuja hapa kwetu. Kwa miguu. Peke yake. Alikaa kwenye kiti cha Cyprien karakanani, jasho linamtoka japo kulikuwa na baridi, akaomba maji mara mbili. Aliongea na Cyprien juu ya mpini. Cyprien alimjibu neno moja moja. Nilimsindikiza Mwalimu hadi barieri ya kwanza, akaniambia, "Niache hapa, nataka kuona kama naweza." Akaweza. Nilisimama nikamtazama mpaka akapotea kwenye watu wa soko.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. Cyprien amekunja na kukunjua vidole vitatu.

Alhamisi, 14 Novemba

Mchana nilipika sombe, majani ya muhogo, na dagaa. Tulikaa watatu jikoni, chini ya turubai, kwa sababu ukuta bado hatujauinua. Nikampakulia kama kila siku. Akaonja. Akaacha kutafuna. Akaweka tonge chini.

"Yaya," akasema, "hii chumvi uliimwaga na ndoo ao uliachia mfuko wote uanguke?"

Jolie akaacha kula.

"Na dagaa hazikuoshwa," akaendelea. "Mchanga iko unalia kwenye meno. Minye nilifungwa, sikuwa kuku. Nani alikufundisha kupika?"

"Kama hutaki, acha," nikamwambia, na sauti ilinitoka vibaya.

"Nani amesema sitaki?" Akavuta sahani karibu yake, akakata tonge kubwa, bado ananung'unika.

Jolie alikuwa ameficha uso kwenye kitenge, mabega yanamtikisika, sijui kwa kicheko ao kwa nini. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia vizuri mpaka nikamaliza, nikanawa uso na maji ya mvua. Kisha nikarudi kumwongezea.